Picha mbili, faili moja: uchambuzi wa kisa cha rangi za mafuta na akili mnemba

Usuli

Taasisi moja iliagiza picha mbili za rangi za mafuta za kutundikwa pamoja ukumbini, kila moja sentimita 150 kwa 100. Mada ya jozi hiyo ni watu watatu wanaofanya kazi ya mikono mezani usiku unapoingia: taa moja inaning'inia juu ya meza, na nyuma yao dirisha limebaki na buluu ya mwisho ya jioni. Picha ya kwanza inaonyesha kazi ikianza, ya pili ikikamilika. Muda uliotolewa ulikuwa wiki 14. Jina la mteja, mahali na malipo vimeondolewa, na baadhi ya maelezo ya mandhari yamebadilishwa.

Mchoraji ana uzoefu mrefu wa rangi za mafuta, na kabla ya hapo alitumia kompyuta kwa kukata na kupanga picha za rejea tu. Safari hii aliingiza akili mnemba na zana za kidijitali katika mambo matatu: kutafuta mpangilio wa picha, kuamua rangi, na kutengeneza msingi wa kanvasi yenyewe, yaani kile kinachotangulia rangi ya mafuta. La kwanza lilimfaa sana. La pili lilimpotezea muda mpaka alipoligeuza. La tatu liliharibu kanvasi nzima.

Kisa hiki kinafundisha vizuri kwa sababu ya ajali moja ya kibiashara. Duka la uchapaji liliishiwa roli ya kanvasi baada ya kuchapa picha ya kwanza, hivyo picha ya pili ikaanzishwa kwa njia ya zamani. Mkono, rangi, chumba na michoro ya awali vilikuwa vilevile. Msingi pekee ndio uliotofautiana. Ulinganisho safi namna hiyo ni nadra kuupata nje ya maabara.

Kwa upande wa kompyuta, mchoraji alitumia Stable Diffusion 1.5, modeli ya kuzalisha picha, pamoja na ControlNet, kiongezo kinachoifanya ifuate mchoro, zikiendeshwa kwenye mashine yake mwenyewe yenye kadi ya michoro ya GB 8. Krita kwa kuhariri. Blender, programu ya maumbo ya pande tatu, kwa kupima mwanga. Projekta ya kawaida ya ofisini. Na kamera ya simu. Kwa upande wa rangi kulikuwa na mirija tisa: nyeupe ya titani, okra ya njano, njano na nyekundu za kadimiamu, alizarini, amba ya kuchomwa (kahawia), altramarini, buluu ya thalo na nyeusi ya mfupa, pamoja na mafuta ya kitani na kiyeyusho kisicho na harufu.

Wiki ya 1 na ya 2: mkaa kwanza, mashine baadaye

Kazi ilianza kwa michoro midogo 12 ya mkaa, kila mmoja wa ukubwa wa kiganja. Miwili ilichaguliwa, ikapigwa picha, ikaingizwa kwenye ControlNet katika hali ya kufuata mistari. Maneno ya maelekezo yalieleza mwanga, mavazi, umri wa watu na pembe ya kutazamia tu. Mchoraji aliamua tangu mwanzo kutotaja jina la msanii yeyote aliye hai, na uamuzi huo ulikuja kumsaidia mteja alipouliza maswali.

Kipimo kilichoamua kila kitu hapa ni nguvu ya mabadiliko, yaani namba kati ya 0 na 1 inayoiambia modeli iiache picha iliyoingizwa au iivunje kwa kiasi gani. Kwenye 0.75 zilitoka picha za kuvutia, ila watu walikuwa wamehama viti na meza imegeuka duara. Kwenye 0.3 modeli ilirudisha mkaa uleule, ukiwa umepakwa ukungu tu. Kati ya 0.45 na 0.55 ndipo mpangilio ulipobaki wa mchoraji huku mashine ikipendekeza mikunjo ya nguo, mwelekeo wa kichwa, na mahali pa kuweka vyombo mezani. Katika majaribio 60 hivi, manne yalihifadhiwa. Uwiano huo usimkatishe mtu tamaa. Kila jaribio lilichukua sekunde kadhaa, na hata yaliyotupwa yalionyesha kitu. Mtu wa kulia, kwa mfano, aligeuzwa kutazama dirisha baada ya mashine kukosea na kumchora hivyo.

Hatua hii ya mkaa ndiyo wengi huiruka. Anayeanza kwa maneno matupu hupata mpangilio wa wastani wa mamilioni ya picha: mtu katikati, mwanga kutoka pembeni, kila ukingo umekolea sawasawa. Mkaa hulazimisha modeli ifuate uamuzi ambao tayari umefanywa na mtu.

Kulikuwa pia na jaribio la pembeni. Mchoraji alifundisha LoRA, yaani nyongeza ndogo ya modeli, kwa picha 28 za kazi zake za zamani, akitumaini mapendekezo yafanane na mkono wake. Matokeo yote yalikuwa na doa jeupe juu kushoto. Picha za mafunzo zilikuwa zimepigwa chini ya taa ileile, vanishi ikang'aa mahali palepale, na modeli ikauhesabu mng'ao huo kuwa sehemu ya mtindo wake. Aliachana nalo, lakini lilimfunza jinsi ya kupiga picha za rangi za mafuta, jambo lililomfaa baadaye.

Giza lililokataa kuwa giza

Mandhari ya taa moja usiku huanika udhaifu wa modeli hizi kuliko mandhari nyingine yoyote. Majaribio yote manne yaliyohifadhiwa yalikuwa na tatizo lilelile: kona zilizopaswa kuzama gizani zilikuwa za kijivu, na uso wa mtu wa mbali uling'aa karibu sawa na wa karibu.

Sababu ya kona za kijivu inajulikana. Modeli ya aina hii hufundishwa kwa kuipa picha iliyochanganywa na chengachenga, yaani nukta za nasibu, iziondoe. Katika matoleo ya awali, Stable Diffusion 1.5 likiwemo, chengachenga za mafunzo hazikufuta picha kabisa hata katika hatua ya mwisho. Wastani wa mwanga wa picha ulibaki unasomeka chini yake, na modeli ikajifunza kuutegemea. Wakati wa kuzalisha picha mpya, huanza na chengachenga tupu ambazo wastani wake ni wa katikati, na matokeo huvutwa kwenye katikati hiyo. Ikiweka eneo jeusi, huweka jingine jeupe la kulisawazisha. Hitilafu hii ilielezwa na watafiti mwaka 2023, na modeli za baadaye zimepunguza makali yake. Kwa mchoraji wa usiku maana yake ni moja: viwango vya mwanga na giza kutoka kwa mashine visiaminiwe bila kupimwa.

Kipimo cha kwanza kilikuwa rahisi. Kwenye Krita, rangi ziliondolewa na picha ikagawanywa katika viwango vitano tu, kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Mchoro wa mkaa ulikuwa na kiwango cheusi kabisa katika zaidi ya theluthi ya eneo. Picha ya mashine ilikuwa nacho kwenye nywele na chini ya meza peke yake.

Kipimo cha pili kilikwenda mbali zaidi. Mchoraji alitengeneza mandhari hiyo kwenye Blender kwa maumbo ya kawaida kabisa: masanduku kwa viwiliwili, tufe kwa vichwa, bapa kwa meza, na taa moja iliyo sentimita 60 juu ya meza. Hakuna uso wala kidole. Kazi ilichukua mchana mmoja, na ndiyo iliyozaa matunda kuliko zote. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: aliye sentimita 80 kutoka kwenye taa akipokea kiasi fulani, aliye sentimita 160 hupokea robo yake. Katika Blender mtu wa tatu alitumbukia gizani, akabaki na mstari wa mwanga kwenye paji la uso na ukingo wa mkono. Modeli ya akili mnemba haina taa wala umbali. Ina kumbukumbu ya jinsi nyuso huonekana katika picha, na nyuso katika picha kwa kawaida huonekana.

Faili la mwisho la rejea likawa mchanganyiko. Mpangilio ulitoka kwenye mkaa, mikunjo na vyombo kwenye akili mnemba, mwanga na vivuli kwenye Blender, na mikono kwenye picha za watu halisi waliokaa mezani kwa ridhaa yao ya maandishi. Mistari ya meza ilichorwa upya kwa rula hadi ikutane kwenye nukta moja. Katika picha ya mashine ncha mbili za meza zilielekea sehemu tofauti, kasoro ambayo jicho huihisi kabla halijaweza kuieleza.

Rangi kutoka kwenye skrini

Mpango wa awali ulikuwa kutumia kidonoa-rangi: kubofya sehemu ya faili, kusoma namba za RGB (nyekundu, kijani na buluu), kisha kutafuta mchanganyiko unaolingana. Ulikwama kwenye dirisha. Buluu yake katika faili ilikuwa angavu na iliyokolea kwa wakati mmoja. Skrini huweza hilo kwa sababu inatoa mwanga. Rangi ya mafuta huurudisha mwanga wa chumba tu: altramarini tupu imekolea lakini ni nzito na ya giza, na ukiongeza nyeupe ya titani ili ing'ae, ukolevu wake unashuka. Mchoraji alizungusha kisu cha rangi siku mbili akitafuta buluu ambayo haimo kwenye mirija.

Vilevile, skrini ya kawaida huonyesha tofauti ya mwanga na giza ya takriban 1000 kwa 1. Rangi iliyokauka bila mng'ao hufikia sehemu ndogo tu ya hiyo. Nyeupe bora hurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga na nyeusi isiyong'aa asilimia 4 hivi, yaani zaidi kidogo ya 20 kwa 1. Anayenakili faili toni kwa toni atajikuta amemaliza giza lote kabla hajafika kwenye kivuli cha mwisho. Upande wa pili hauzungumzwi sana: njano ya kadimiamu iliyokolea iko nje ya uwezo wa skrini ya sRGB, mfumo wa rangi wa skrini za kawaida, kwa hiyo karibu na taa faili lilikuwa maskini kuliko paleti.

Programu mbili za kupendekeza michanganyiko zilijaribiwa. Moja ilipiga wastani wa namba za RGB, na kwa hesabu hiyo njano na buluu huzaa kijivu. Mchoraji yeyote wa mwaka wa kwanza anajua kinachotoka ni kijani. Nyingine ilitumia kanuni ya Kubelka na Munk ya mwaka 1931, inayohesabu jinsi chembe za rangi zinavyofyonza na kutawanya mwanga, na mapendekezo yake yalikuwa na mwelekeo sahihi. Hata hiyo haikujua nguvu ya mirija iliyokuwa mezani: sehemu 1 ya buluu ya thalo kwa sehemu 4 za nyeupe, iliyoonekana kuwa buluu ya wastani kwenye skrini, ilimeza kila kitu.

Ufumbuzi ulikuwa kugeuza mwelekeo wa kazi. Mchoraji alipaka chati ya rangi zake: mirija minane, kila mmoja ukichanganywa na nyeupe kwa hatua tano, jumla vipande 40, na michanganyiko 12 ya jozi alizozipenda. Chati ilipigwa picha pamoja na kadi ya kijivu ya kusawazishia rangi, ikasahihishwa, na vipande hivyo 52 vikawa paleti pekee iliyoruhusiwa ndani ya Krita. Faili likapakwa upya kwa rangi zinazowezekana. Buluu ya dirisha ilishuka, na ili ionekane bado inawaka, ukuta wa pembeni ulipewa amba na chembe ya machungwa. Mbinu hiyo ya kuchafua jirani ni ya zamani sana, na hakuna hata moja kati ya zile programu iliyoipendekeza, kwa kuwa zote zilitazama kipande kimoja cha rangi kwa wakati.

Misingi miwili

Picha ya kwanza ilichapwa kwa printa ya wino kwenye kanvasi ya mchanganyiko wa pamba na poliesta iliyotengenezwa kwa ajili ya printa. Faili, lenye pikseli 768 kwa 512 kutoka kwenye modeli, lilikuzwa mara nane kwa programu ya kukuza, likafifishwa hadi kuwa la kahawia hafifu, likachapwa kwa ukubwa kamili. Nia ilikuwa kuokoa juma moja la kuhamisha mchoro na kupaka tabaka la amba. Baadaye chapa hiyo ilipakwa akriliki iliyozimuliwa kwa maji, kwa brashi, ili kuifunga.

Picha ya pili ilipata kanvasi ya pamba iliyowambwa kwenye fremu, matabaka matatu ya jeso ya akriliki (rangi nyeupe ya msingi) yaliyopigwa msasa mwembamba kati yake, na siku tatu za kukauka kabla ya mafuta. Mchoro ulirushwa kwa projekta na kufuatwa kwa mkaa. Gridi ya sentimita 10 ilipopimwa, upande wa juu kulia ulikuwa umevutika milimita 8 kwa sababu projekta iliinama kidogo; mchoro ulisahihishwa kwa rula, vumbi la mkaa likapanguswa, na tabaka jembamba la amba likaweka mwanga na giza ndani ya siku mbili. Amba ina manganizi, na manganizi huharakisha ukaukaji wa mafuta; ndiyo maana imependwa kwa kazi hii tangu kale.

Wiki ya 4 hadi ya 7: picha ya kwanza inaachia

Dalili ya kwanza ilitokea kabla hata ya rangi ya mafuta. Brashi ya akriliki ilipopita, vivuli vilitoa waridi. Wino uliotumiwa na duka ulikuwa wa kuyeyuka katika maji, si wa chembe za pigmenti, hakuna aliyeuliza. Wino wa namna hiyo husambaa ukilowa na hufifia kwenye mwanga. Mchoraji aliacha akriliki ikauke, akaongeza tabaka la pili, akaendelea.

Dalili ya pili ilikuwa kuzama kwa rangi. Matabaka ya mwanzo, yenye kiyeyusho kingi, yalipauka na kuwa kama chaki. Ngozi ya kanvasi ya printa imeundwa ifyonze wino haraka, na palipokuwa na tundu kwenye akriliki ilifyonza mafuta kwa hamu ileile, ikiacha pigmenti bila gundi ya kutosha. Kupangusa mafuta membamba juu ya madoa kulirudisha kina kwa siku chache, kisha pakapauka tena.

Dalili ya tatu ndiyo iliyoamua. Katika wiki ya 7, kwenye mikunjo ambako kanvasi hupinda kuzunguka fremu, mistari myeupe ilitokea. Mchoraji alichukua kipande cha pembeni kilichochapwa, kufungwa na kupakwa sawa na picha, akakifanyia jaribio la kuchanja kwa kuiga ISO 2409, kiwango cha kimataifa cha kupima ushikamano wa rangi: mikato sita kwa sita, umbali wa milimita 2, utepe wa gundi ukabandikwa na kuvutwa. Zaidi ya nusu ya vipande vilitoka. Cha kutazamwa ni nyuma ya utepe: rangi ilikuwa bado imeshikamana na akriliki, akriliki na ngozi ya printa, na ngozi hiyo yote ilikuwa imeachana na kitambaa. Hakuna vanishi wala gundi ya juu inayoweza kutibu mpasuko ulio chini kabisa. Kipande kilichotoka kwenye kanvasi ya picha ya pili kilipoteza kingo mbili tu za miraba.

Uamuzi wa wiki ya 7

Njia zilikuwa tatu. Kuendelea na kubandika kanvasi kwenye ubao mgumu isipinde: hii ingechelewesha tatizo, na wino unaofifia ungebaki chini. Kupaka jeso ya akriliki juu ya kazi iliyopo: haiwezekani, kwa kuwa akriliki haishiki juu ya mafuta. Kuanza upya kwenye msingi ule wa picha ya pili: ingegharimu wiki nne za kazi na kuhatarisha tarehe. Mchoraji alichagua ya tatu na kumwandikia mteja siku hiyohiyo, akiambatanisha picha ya jaribio la utepe. Kumwonyesha mteja ushahidi wa kimwili, badala ya maelezo, kulifupisha mazungumzo. Muda wa nyongeza ulikubaliwa.

Zana zilizosaidia katikati ya kazi

Wakati picha ya kwanza inaharibika na kuanza upya, ya pili iliendelea, na hapa kompyuta ilirudi kwa kazi ndogo zenye faida. Mwisho wa kila siku ya kazi picha ilipigwa kutoka mita 3 kwa lenzi ya kukuza ya simu, kwa sababu lenzi pana ikiwa karibu huvimbisha katikati ya picha. Mng'ao wa rangi mbichi uliondolewa kwa karatasi ya polaraiza, inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja, mbele ya kila taa na kichujio cha polaraiza mbele ya lenzi, kikiwa kimezungushwa nyuzi 90. Picha hiyo iliwekwa juu ya faili la rejea kwa uwazi wa asilimia 50. Katika wiki ya 6 iligundulika kwamba kichwa cha mtu wa kati kilikuwa kimekua kwa asilimia 4, kosa ambalo brashi huliongeza kidogo kidogo na jicho huzoea. Lilirekebishwa rangi ikiwa bado laini.

Katika wiki ya 8 kona ya kulia ilikuwa haijaamuliwa. Picha ya kanvasi ilirudishwa kwenye modeli, nguvu ya mabadiliko 0.5 kwenye kona hiyo pekee, na maelekezo matatu: rafu, koti lililotundikwa, ukuta mtupu. Ukuta ulishinda. Bila mashine, uamuzi huo ungekuwa wa kupaka na kukwangua. Mchoraji aliwahi pia kuipa modeli picha nzima ili "iikamilishe". Ilirudisha kitu laini, chenye kung'aa, alama zote za brashi zikiwa zimelambwa. Faili hilo lilifutwa ili lisimshawishi.

Matokeo

Picha ya pili ilikamilika wiki ya 11. Ya kwanza, kwa msingi mpya, ilikamilika mwisho wa wiki ya 15, juma moja baada ya muda. Kwa kuwa maamuzi yote ya mpangilio, mwanga na rangi yalikuwa tayari, toleo jipya lilichukua wiki nane pamoja na jeso na ukaukaji. Zilikabidhiwa zikiwa zimekauka kwa kugusa, na vanishi ikapangwa baada ya miezi sita, pamoja na maagizo kwa mteja zisifunikwe wala kuwekwa nyuma ya kioo kabla ya hapo.

Mteja aliuliza kama picha "zilichorwa na kompyuta", na nani ana haki nazo. Sheria hutofautiana kati ya nchi. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, kwa mfano, imeshikilia tangu mwongozo wake wa 2023 kwamba sehemu iliyozalishwa na mashine peke yake hailindwi, na kazi ya mtu ndiyo inayolindwa. Folda yenye michoro 12 ya mkaa, faili la Blender, chati ya rangi na picha za kila siku ilimaliza suala hilo kwa kikao kimoja.

Uchambuzi

Rahisi kusema uchapaji ulikuwa kosa na hayo yakaisha. Hata hivyo, kama duka lingetumia wino wa pigmenti, na akriliki ingepulizwa badala ya kupakwa kwa brashi, waridi lisingetokea, rangi huenda ingezama kidogo, na ngozi ya kanvasi ingeendelea kuwa kiungo dhaifu kilichofichika kwa miaka. Kwa maana hiyo wino mbaya ulikuwa msaada.

Tatizo la ndani zaidi ni kwamba faili la picha halina mfuatano. Pikseli zote zipo kwa mara moja, hakuna ya chini wala ya juu. Rangi ya mafuta ni mfuatano mtupu: chini pasiwe na mafuta mengi kuliko juu, kinachokauka upesi kitangulie, kigumu kisiwe juu ya kilicho laini. Kuchapa faili na kulipaka juu ni kuweka matokeo ya mwisho mahali pa tabaka la kwanza. Kulikuwa na athari nyingine isiyo ya kikemia: juu ya chapa, mchoraji alijaza maeneo. Kingo zote katika picha ya kwanza ya awali zilikuwa na ukali mmoja, kwa kuwa zilikuwa na ukali mmoja kwenye chapa. Kwenye picha ya pili, ambako mkaa ulikuwa umepotea chini ya amba, ilimlazimu aamue upya kila ukingo, na mtu wa tatu amezama gizani vizuri zaidi huko.

Kukuza faili mara nane nako kulichangia. Pikseli 768 juu ya sentimita 150 ni pikseli moja kwa karibu milimita 2. Kila kilichoonekana kidogo kuliko hapo, kope, nyuzi za nguo, vinyweleo, kilibuniwa na programu ya kukuza. Mchoraji alitumia siku tatu akipaka kwa uaminifu kope ambazo hazikuwahi kuamuliwa na mtu yeyote. Kwa projekta faili lilitumika bila kukuzwa, na ukungu wake ulikuwa faida.

Inafaa kulinganisha na kazi ya jumba la makumbusho la Rijksmuseum mwaka 2021, lilipotumia mitandao ya neva kuunda upya vipande vilivyokatwa mwaka 1715 kutoka kwenye "De Nachtwacht" (Zamu ya Usiku), picha ya mchoraji wa Kiholanzi Rembrandt. Vipande vipya vilichapwa na kutundikwa kando ya picha kwa muda. Hakuna kilichogusa rangi ya asili. Wahifadhi huishi na swali la kipi kinashikamana na kipi kwa miaka mia. Mchoraji mwenye tarehe ya mwisho huliona swali hilo pale linapoanza kubanduka.

Kuhusu faida, uzito wake haukuwa pale ulipotarajiwa. Akili mnemba iliokoa muda kwenye maswali yenye majibu machache yanayoweza kutazamwa upande kwa upande: ageuke au asigeuke, rafu au ukuta. Kwenye mwanga, Blender yenye masanduku na tufe iliishinda kwa mbali, ingawa haikuwa na akili yoyote, na mchoraji mwenye muda mchache afadhali aanze hapo. Kwenye rangi, kilicholeta mabadiliko ni chati iliyopakwa kwa mkono. Jaribio la kuchanja lilipaswa kufanyika wiki ya 3 kwenye kipande cha sentimita 20 kabla ya kugusa kanvasi kubwa. Kwa rangi iliyokauka siku kumi lingetoa jibu lilelile, na wiki nne zisingepotea.

Nyuma ya kila kanvasi mchoraji aliandika kwa penseli aina ya msingi na idadi ya matabaka ya jeso, mirija iliyotumika na alama zake za pigmenti, mafuta na kiyeyusho, tarehe ya tabaka la mwisho, tarehe ya mapema zaidi ya vanishi, na jina na toleo la modeli iliyosaidia mpangilio.